Valvu Iseme Kidogo

Kijana wa bodaboda aliyenichukua stendi ya Shinyanga alishangaa nilipomwambia, kabla hata hatujaiacha lami, kwamba valvu ya pikipiki yake imelegea. "Mama, kumbe wewe ni fundi?" akauliza, huku akigeuza shingo kunitazama badala ya kutazama mbele. Nikamjibu kwamba sijawahi kushika spana tangu nizaliwe, na kwamba aangalie barabara. "Sasa umejuaje?" Nikamwambia nimesikia. Akacheka, akasema yeye yumo juu ya hiyo pikipiki kutwa nzima na hajasikia kitu. Sikuendelea naye. Nilikuwa nakwenda kumzika Fundi Masele, mtu aliyenifundisha kusikiliza injini katika mwaka uleule ambao masikio yake mwenyewe yalikuwa yanamwacha, na ile tiki-tiki chini ya miguu yangu ilikuwa imekwisha kunirudisha Geita. Nilijifuta macho kwa ncha ya mtandio, na kijana, kwa heshima au kwa woga, akapunguza mwendo.

Habari za kwetu nitaziacha, zina watu wengi mno na kila mmoja anataka asimuliwe yeye. Inatosha kusema kwamba katika miaka ya tisini, mgodi mkubwa ukiwa bado haujaanza, nilifika Geita na sanduku la bati na cheti cha uhazili, nikaajiriwa na mradi wa chanjo kwa sababu moja tu: niliwahi kugusa kompyuta chuoni. Mradi ulipanga vyumba vya nyuma katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja wa Kihindi aliyeuza misumari, majembe na mabati upande wa mbele. Chumba changu cha kazi kilikuwa kimebanwa kati ya jiko la mke wake, Mama Yasmin, na karakana ya pikipiki. Kompyuta ilikaa mezani imefunikwa shuka, na kila aliyeingia alivua viatu, hata mkuu wa mradi, kwa kuwa tuliambiwa vumbi litaiua. Upande wa kushoto nilisikia Mama Yasmin akitwanga iliki na kugombana na redio. Upande wa kulia kulikuwa na dirisha lisilo na kioo, na nje ya dirisha hilo, chini ya paa la mabati, Fundi Masele alifanya kazi yake akiwa amekaa juu ya kreti la soda. Asubuhi jenereta ilipowashwa, aliinua kichwa na kuniambia, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, nami Kisukuma changu cha mjini kikaishia kwenye kuitikia.

Jedwali halikuwa wazo langu. Daktari Mbise, mkuu wa mradi, mtu mpole wa sauti na mgumu wa kauli, alichoka kuona kila wiki kuna pikipiki imelala. Waganga wake walitakiwa kufika vijijini na masanduku ya barafu yenye chanjo, na pikipiki ikifa njiani barafu haingoji. Aliniita akaniambia, "Zaituni, hiyo mashine isiishie kuandika barua. Nitengenezee jedwali. Kila pikipiki na mstari wake: lini imesetiwa valvu, ilikuwaje kabla, ikawaje baada." Nilikuwa sijui valvu ni nini. Nilidhani ni kitu cha baiskeli. Nikatoka hadi karakana, nikamwomba Fundi Masele anieleze, naye akaichukua pikipiki iliyokuwa wazi, akanionyesha. Valvu, alisema, ni mlango mdogo wa injini. Kuna wa kuingizia na wa kutolea moshi. Nyuma ya kila mlango lazima kuwe na nafasi kidogo, nyembamba kama ukucha wa mtoto mchanga, ili injini ikipata joto na chuma kikavimba, mlango uendelee kufunga. Nafasi ikizidi, injini inapiga kelele, tiki-tiki, na nguvu inapungua. Nafasi ikikosekana kabisa, injini inakaa kimya na mtu anafurahi, kumbe mlango haufungi, moto unapenya ukingoni na kuula polepole. "Kwa hiyo valvu iseme kidogo," alisema. "Isipige makelele, lakini iseme. Iliyonyamaza inaumwa na haikuambii."

Yeye aliziseti kwa masikio. Injini ikiwa inawaka, aliweka ncha ya bisibisi kwenye kifuniko na mpini wake sikioni, akafumba macho, akageuza skrubu kidogo, akasikiliza tena. Wachimbaji walimletea hata mashine za kuvutia maji kutoka kwenye maduara yao, mashimo yao ya dhahabu, si kwa kuwa zimeharibika, bali ili azisikilize tu na kuwaambia zitaishi hadi lini. Kwa hiyo nilipomuuliza niandike nini kwenye jedwali, alinitazama kwa huruma. "Andika nzima," akasema. Nikaandika. Mwezi wa kwanza jedwali langu lilikuwa limejaa neno hilo kutoka juu hadi chini, nzima, nzima, nzima, na nililipeleka kwa Daktari kwa fahari ya mtu aliyepaka nyumba chokaa. Alilisoma, akavua miwani. "Nzima si namba," alisema, na wiki iliyofuata akaja na fila geji kutoka Mwanza, yaani kishada cha bati nyembamba za kupimia nafasi, kila moja na unene wake umechongwa juu.

Fundi aliichukia ile fila geji kama mtu anavyomchukia mgeni aliyekalia kiti chake. Hata hivyo tukapatana. Angeseti kwa masikio kama kawaida, kisha, injini ikipoa, angeingiza bati na kunisomea namba kupitia dirishani. "Njoo nilishe kompyuta yako," alikuwa akisema, nami nikabonyeza. Baada ya muda tulizoea, na sijui kama nimewahi kuwa na kazi niliyoipenda kuliko ile. Mchana tulikula pamoja. Mkewe, Mama Kabula, alileta sufuria kichwani: ugali wa udaga, yaani wa muhogo, na nsansa, majani makavu ya kunde yaliyoungwa kwa karanga, au samaki furu wa kukaanga, na siku za kuishiwa michembe ya viazi vilivyokaushwa na chai. Mama Yasmin naye alipitisha bakuli la dengu juu ya ukuta mfupi wa ua, kwa kuwa hakupenda kusikia watu wakila karibu naye wasionje chakula chake. Tulikaa kwenye kivuli cha ukuta, wanawake watatu na fundi mmoja, tukiwasema waliopita barabarani. Fundi alicheka tulipocheka. Ilinichukua muda kutambua kwamba mara nyingi alianza kucheka nyuma yetu kidogo, baada ya kutazama nyuso zetu.

Siku moja nilikuwa mezani, nao akina mama wako jikoni wanachambua mchele, nikamsikia Mama Kabula akisema bila kujua niko upande wa pili wa ukuta. "Siku hizi hata mbuzi akilia mlangoni hajui. Nikitaka anigeukie nagonga meza, atikisike." Mama Yasmin akamuuliza kama amepelekwa hospitali. "Amekataa. Anasema wakimjua wenye mradi watamfukuza. Nani atamweka fundi asiyesikia? Na yeye anaseti kwa masikio, jamani, si unajua." Kisha nikasikia ungo ukipepetwa kwa nguvu zaidi kuliko mchele ulivyohitaji. Nilikaa na vidole juu ya vibonyezo, sikuandika kitu. Nilikuwa na umri wa kudhani kwamba jambo usilolisema haliendelei kukua.

Likakua. Waganga wa chanjo walianza kunung'unika kwamba pikipiki zao zinalia kama cherehani. Mwenye kelele zaidi alikuwa Elikana, kijana mtanashati aliyekuwa na njia ya Katoro hadi kupita Buseresere, na aliyeamini kwamba shati lake likiwa safi basi dunia nzima inamwangalia. Katoro ndiko kulikokuwa na fedha za dhahabu, na wanunuzi wa dhahabu walikuja na pikipiki mpya zilizopita kimya kabisa. Akina mama wa chai pale walikuwa wakimsikia Elikana kabla hajafika. "Karibu, fundi cherehani," walimwambia, "nina gauni linataka kupunguzwa." Alinisimulia haya mlangoni, miguu peku, akiwa amekasirika kweli, na mimi nilicheka hadi nikashika meza. Nilimwambia Fundi. Alijibu kwamba barabara zetu za vumbi zinataka valvu ipumue zaidi, kwamba namba za kitabuni ni za wenye lami. Alilisema kwa uhakika kiasi kwamba nilimwamini, au nilitaka kumwamini. Siku hizi najua kwamba mtu anayepoteza kitu huanza kwa kupunguza thamani yake.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza tulipopata habari kwamba Elikana amekwama mbele ya Buseresere. Pikipiki ilipoteza nguvu, ikakohoa, ikafa, haikuwaka tena. Alilibeba sanduku la barafu kichwani hadi akapata lori, lakini kijijini walikokuwa wanamngoja akina mama walikwisha kurudi mashambani na watoto wao mgongoni, na chanjo ilikuwa imepata joto, ikamwagwa. Pikipiki ililetwa juu ya magunia ya pamba. Fundi aliifungua siku ileile. Valvu ya kutolea moshi ilikuwa imeliwa ukingoni, imemeguka kama sahani. Aliishika kiganjani, akapitisha kidole ukingoni. Daktari Mbise alikuja, akaitazama, akaniambia nimwandalie jedwali lote la mwaka, asubuhi kesho yake. Kisha, nje ya karakana, alimwambia mhasibu kwa sauti ya kawaida kwamba mwezi ukiisha pikipiki zote zitapelekwa karakana ya Mwanza na Masele atalipwa haki yake aende kwao. Fundi alikuwa hatua chache kutoka hapo, amewapa mgongo, anafuta mikono. Wote walidhani amesikia na ananyamaza kwa uvumilivu. Mimi nilijua hakusikia. Hakuna kitu kilichoniuma mwaka ule kama kuujua mwisho wa kazi yake kabla ya yeye mwenyewe.

Nililifungua jedwali nikalisoma, kwa mara ya kwanza, kama mtu anayetaka kujua. Katika safu ya kwanza, ile ya kabla, pikipiki ya Elikana kila ilipoletwa kwa Fundi ilikuwa bado na nafasi. Iliporudi juu ya lori, hata bati nyembamba kuliko zote lilikuwa halipiti. Valvu hulegea au hukaza kidogo kidogo kwa kazi, Fundi alikuwa amenifundisha hivyo, lakini hairuki kutoka pembe moja hadi nyingine ndani ya safari moja. Kuna mkono uliigusa njiani, na nilijua mkono huo uko Katoro na umelipwa ili kuwanyamazisha wauza chai. Kwa hiyo jedwali lilimsafisha Fundi. Furaha yangu haikudumu, kwa kuwa jicho liliteremka safu ya pili, ile ya baada. Katika kila mstari, katika kila pikipiki, nafasi aliyoiacha Fundi ilikuwa inapanuka mwezi baada ya mwezi. Mtu yeyote aliyesoma shule angeuliza kwa nini, na jibu lilikuwa masikio: alihitaji tiki-tiki kubwa zaidi ili aisikie. Kumwonyesha Daktari safu ya kwanza kungemwokoa, na kumwonyesha ya pili kungemwondoa, na zilikuwa kwenye karatasi moja.

Kompyuta ile ilikuwa na uwezo wa kuficha safu. Unaibonyeza, inatoweka, na zilizobaki zinasogeleana utadhani haikuwepo. Niliificha, nikatazama, nikaona jedwali zuri lisilo na dosari. Lakini nilikuwa siwezi kufanya hivyo nyuma yake, maana yalikuwa maisha yake na si yangu. Jioni, jua likiwa bado lipo, nilikwenda kwao na karatasi mbili, moja yenye safu iliyofichwa na moja kamili. Nilimkuta ua wa nyuma anamenya viazi na mkewe. Nilikaa mbele yake ili anione mdomo, nikamwambia polepole: kuhusu Mwanza, kuhusu mwezi kuisha, kuhusu Katoro, na mwishowe kuhusu masikio. Mama Kabula aliangusha kisu kwenye beseni. Fundi aliuliza tu, "Umejua lini?" Nikamwambia tangu siku Mama Kabula alipochambua mchele kwa Mama Yasmin. Akamtazama mkewe, mkewe akatazama viazi.

Nikampa karatasi yenye safu iliyofichwa. Nilimwambia Daktari ataona kosa la Katoro tu, basi, mambo yamekwisha. Aliisoma yote, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Halafu akachukua ile nyingine, akaisoma vilevile, na alipofika mwisho uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa umri wake. "Nilidhani ni vumbi," alisema. "Kweli nilidhani ni vumbi." Mama Kabula akasema kwa sauti kubwa, "Chukua hiyo ya kwanza, baba Kabula. Binti amekuletea, chukua." Alitikisa kichwa. "Kompyuta itaficha. Barabara haitaficha. Mwaka kesho mwingine atakwama, na watoto wengine watakosa sindano, na hapo nitamsingizia nani?" Alikunja ile iliyofichwa, akaisukuma chini ya jiko. "Hii nzima nitaipeleka mwenyewe."

Asubuhi aliingia ofisini kwa Daktari peku, amevaa shati la kanisani, nami nyuma yake nikiwa nimepania nisilie. Elikana naye aliitwa. Fundi hakuanza na Katoro, alianza na yeye mwenyewe. "Daktari, masikio yangu yamechoka. Hizi namba zinazopanda ni mimi. Ile valvu iliyoungua si mimi, lakini hizi ni mimi." Daktari alimtazama, akanitazama, akamtazama Elikana, na Elikana, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akainamisha kichwa na kusema kwamba kweli alipita kwa fundi wa barabarani ili imkazie, ilikuwa inamtia aibu mbele za watu. Nilikuwa nasikia redio ya Mama Yasmin. Daktari Mbise akasema, akimwelekea Fundi uso kwa uso, jambo ninalompendea hadi leo, "Sijakuajiri kwa ajili ya masikio. Nimekuajiri pikipiki zitembee. Unaweza kuzifanya zitembee?" Fundi akajibu, "Vidole havijachoka. Nipe pikipiki moja."

Tulitoka wote hadi karakana, ila mimi nikasimama dirishani pangu, tayari kuandika. Alichagua pikipiki mbovu kuliko zote, akaketi kwenye kreti lake, akaichukua fila geji aliyokuwa ameidharau mwaka mzima. Hakuwasha injini. Aliingiza bati, akalivuta, akafumba macho jinsi alivyokuwa akifumba wakati wa kusikiliza, akageuza skrubu, akalivuta tena, akisikia kwa ncha za vidole mkwaruzo ambao sisi tulikuwa hatuna habari nao. Alifunga kifuniko, akapiga kiki. Injini ikawaka. Wote tulisikiliza, ila yeye. Macho yake hayakwenda kwa Daktari wala kwa Elikana, yalikuja dirishani kwangu. "Mayu," aliuliza, kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama wasiosikia wanavyosema, "inasema?" Ilikuwa inasema. Kidogo, chini kabisa ya mngurumo, ilisema vizuri. Nikainua mkono wa kulia juu. Akauona. Akashusha pumzi, akazima injini, akaniambia niandike namba.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi. Aliseti kwa vidole, akawasha, akageukia dirisha, nami nikasikiliza kwa niaba yake. Mkono juu maana yake inasema. Kiganja chini maana yake imenyamaza, rudia. Mwanzoni nilikosea mara nyingi, naye alinicheka, akaniambia nina masikio ya kukodi. Mwisho wa mwaka nilikuwa nazitambua pikipiki zote kwa sauti kabla hazijaingia uani. Waganga walikatazwa kumwonyesha valvu fundi mwingine yeyote, na wauza chai wa Katoro walipata mtu mwingine wa kumtania. Mimi niliolewa, nikahamia Tabora, na jedwali nikamwachia binti mwingine, pamoja na maelekezo ya mikono niliyomwandikia kwa herufi kubwa ukutani. Fundi alifanya kazi hadi mradi ulipofungwa, kisha akarudi kwao Shinyanga. Nilimtembelea mara kwa mara. Katika miaka ya mwisho alikuwa hasikii kabisa, na salamu yetu ilikuwa hiyo tu, naingia mlangoni nikiwa nimeinua mkono.

Tulifika msibani mchana. Kijana wa bodaboda alinishusha kando ya turubai, na nilipokuwa namlipa aliniuliza, kwa sauti ya chini ya mahali penye msiba, kama kweli apeleke ile valvu ikakazwe. Nilimwambia apeleke, lakini asimruhusu fundi kuinyamazisha. Mama Kabula alikuwa ndani, amekaa mkekani kati ya wanawake, mdogo kuliko nilivyomwacha. Nilipiga magoti tukashikana. Baada ya kulia alinisogeza karibu, akaniambia kwamba mwishoni Fundi alikuwa analazwa kitanda kikiwa kimegusa ukuta wa barabarani, kwa matakwa yake, na kila pikipiki ilipopita aliweka kiganja ukutani, akahisi mtikisiko, kisha akamgeukia mkewe. "Ananiuliza, inasema? Mimi najua nini habari za valvu, mwanangu? Sijui iliyosema wala iliyonyamaza." Alijifuta kwa khanga. "Nilikuwa namwinulia mkono tu. Kila pikipiki. Na yeye analala."

Nje, kijana wa bodaboda alipiga kiki, akaondoka. Wanawake walikuwa wameanza kuimba, lakini mimi na Mama Kabula tuliisikia hadi ilipofika barabarani, tiki-tiki, nafasi kubwa mno, pikipiki mbovu kabisa. Alinitazama. Nikainua mkono.